Habari ya Ukurasa wa Saba

"Mama Gazeti, kama mkubwa wao amekufa, sasa nani atawaambia waendelee kuua?"

Swali hilo nilimuuliza Everline Akiror nikiwa darasa la tano, kabla ya saa moja asubuhi, kando ya foleni ya malori ya Malaba. Baba yangu ni karani wa kutoa mizigo hapo forodhani, na kazi yangu kabla ya shule ilikuwa kumchukulia gazeti. Siku nyingine ilibidi nimtafute Akiror katikati ya matrela, maana foleni hiyo ni ndefu na yeye huifuata mpaka mwisho wake, magazeti yamelazwa juu ya mkono wa kushoto kama mtoto. Siku hiyo sikumtafuta. Nilimsikia kabla sijavuka barabara.

"Kinara ameuawa. Wamekwisha hao. Njoo usome mwenyewe, picha iko."

Dereva mmoja wa kutoka Kampala alitoa kichwa dirishani. "Nyabo, ni kweli amekufa?"

"Amekufa mpaka viatu. Nikupe ngapi?"

"Nipe mbili. Moja nampelekea yule bosi wangu aliyesema hawatampata."

Mtu aliyekesha kwenye foleni siku mbili hana la kufanya ila kusoma, na Akiror aliwajua madereva kwa majina ya matrela yao. Lakini asubuhi hiyo hata watu wa boda boda, ambao huwa wanasoma vichwa vya habari kwa macho tu na kuondoka, walinunua. Ndipo nilipomuuliza swali langu. Shuleni kwetu mwalimu mkuu alikuwa amehamishwa muhula uliotangulia, na saa ya chai siku hiyo hiyo naibu wake alikuwa tayari ameketi ofisini kwake akitia sahihi vitabu. Nilifikiri labda na kwao iko hivyo.

Akiror alicheka. "Hakuna wa kuwaambia. Wamekwisha. Wewe kimbia shule, usinichafulie siku."

Nilikimbia. Sikujua kwamba siku hiyo ilikuwa yake kuliko ilivyokuwa ya nchi.

Kaka yake, Mwalimu Ekisa, alikuwa anafundisha kaskazini mashariki, katika shule ndogo iliyo mbali na lami. Watu wa lile kundi lenye bunduki, la huyo kinara, walikuwa wamewatisha walimu wanaotoka bara, yaani sehemu nyingine za nchi, na Ekisa alipokuja nyumbani likizo alikataa kurudi. Aliomba uhamisho. Ofisi iliyomwajiri ikamwambia asubiri, halafu ikamwambia arudi, halafu asubiri tena. Alikuwa nyumbani kwao, dakika kumi kwa pikipiki kutoka mpakani, akilima mihogo na kuona aibu, kwa sababu wanafunzi wake wa darasa la nane walikuwa wanampigia simu kuuliza hesabu.

Siku ya kichwa kile cha habari, Akiror alimaliza magazeti kabla ya saa tatu. Nakala moja aliificha ndani ya leso, akapanda boda boda mpaka nyumbani, akamkuta Ekisa shambani. Haya alinisimulia mwenyewe baadaye.

"Nilimwambia, soma. Yule mtu wao ameuawa. Sasa rudi kwa watoto wako. Akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia, mimi si ndiye nauza magazeti?"

Siku hiyo hiyo simu yake ililia. Ofisi ilikuwa imewatumia walimu wote ujumbe kwamba usalama umeimarika na kila mmoja aripoti kazini. Ekisa aliondoka siku ya tatu.

Siku ya tisa tangu kichwa kile cha habari, alfajiri, walikuja kwenye nyumba za walimu. Aliyempigia Akiror ni mlinzi wa shule, mzee wa huko huko, akitumia simu ya Ekisa. Mzee huyo alikuwa amewaficha walimu wawili nyuma ya zizi la mbuzi la mama yake, akakaa mlangoni na kudanganya watu wenye bunduki usoni. Kwa Ekisa hakufika kwa wakati. Alilia kwenye simu, akaomba msamaha kwa jambo ambalo hakulifanya. Ninalitaja kwa sababu kwa kifo cha Ekisa hakuna mtu mwingine aliyeomba msamaha.

Asubuhi iliyofuata Akiror alikwenda stejini, kwenye kituo cha matatu, kama kawaida kupokea mzigo wake. Watu walidhani amechanganyikiwa. Alikata kamba, akachukua gazeti la juu, akatafuta ukurasa wa kwanza. Kulikuwa na mwanasiasa amevaa kofia ya wenyeji. Ukurasa wa pili, wa tatu, tangazo la magodoro. Wa nne, wa tano, wa sita. Habari aliikuta ukurasa wa saba, chini, upana wa vidole viwili: walimu wanne wauawa. Majina hayakuwepo. Sentensi ya mwisho ilisema kundi limemtangaza mkubwa mpya, na kwamba shambulio hilo ni salamu zake za kwanza.

Yule aliyekufa alipewa ukurasa mzima na picha. Aliyechukua nafasi yake alipewa sentensi moja chini ya ukurasa wa saba, pamoja na Ekisa na wenzake watatu. Mpaka leo nikifikiria hilo masikio yananiwaka moto.

Kuanzia hapo Akiror hakutangaza tena. Aliendelea kuuza, maana kazi ni kazi, lakini kimya. Madereva wageni walidhani ni bubu. Waliomzoea walimtania, "Mama Gazeti, spika imeungua?" Alikuwa anawapa gazeti na kusogea trela linalofuata.

Jambo jingine alilobadilisha halikuonekana na mtu. Muuza magazeti hurudisha yasiyouzwa. Yeye alianza kubaki na nakala moja ya kila siku. Akazipanga nyumbani kwake, mwezi kwa mwezi, ndani ya magunia ya sukari, mpaka chumba kimoja kikajaa na panya wakahama wakaja panya wengine.

Niliyaona magunia hayo mwaka huu, likizo ya Aprili. Niko kidato cha nne sasa. Asubuhi moja nilikwenda kuchukua gazeti la baba na kumkuta Akiror ameketi juu ya jiwe, mzigo wote umefunikwa na leso, na madereva wanapiga honi kumwita. Nikafunua. Kichwa cha habari kilikuwa kikubwa kama mkono wangu. Mkubwa mwingine wa kundi lile lile alikuwa ameuawa, na chini yake, kwa wino mwekundu, waliandika kwamba huo ndio mwisho wao.

"Nerima," akaniambia, "una kazi gani leo?"

"Kusoma kwa mtihani."

"Njoo usomee kwangu. Niletee na daftari."

Sababu ilikuwa Hillary, mtoto wa kwanza wa Ekisa. Alisomea ualimu kama baba yake, akakaa miaka bila kazi, na nafasi ilipopatikana ilikuwa huko huko. Alikuwa amekuja likizo. Shule zilikuwa zifunguliwe Jumatatu, na simu yake ilikuwa imeshapokea ujumbe: usalama umeimarika kufuatia kuuawa kwa kinara, walimu wote waripoti. Akiror alinionyesha ujumbe huo, kisha akanionyesha ule wa Ekisa, aliokuwa ameunakili kwenye karatasi. Ni maneno yale yale. Hata koma hawakuhamisha. Karibu miaka saba, na mtu fulani ofisini alibonyeza kitufe tu.

Tulipekua magunia siku mbili. Mimi niliandika, yeye alifunua. Alikuwa na macho ya ajabu. Anajua kila gazeti linaficha wapi habari ambazo haliringi nazo. Kila mkubwa wa kundi aliyeuawa tulimwandika na tarehe, halafu tukahesabu siku mpaka kundi lilipojibu. Kinara wa kwanza, siku tisa. Naibu wake, siku kumi na nne. Kamanda mmoja wa mpakani, siku sita.

Kisha tukafika kwa mmoja ambaye baada ya kifo chake hapakutokea kitu. Wiki ya kwanza kimya, ya pili kimya, mwezi ukapita.

"Huyu tumruke," nikasema. "Anatuharibia."

"Andika."

"Lakini Mama..."

"Andika na huyo. Wasije wakasema tumechagua."

Tukaendelea kufunua, na wiki ya saba tukaelewa. Walikuwa wakigombana nani akae mahali pa aliyekufa. Walipasuka makundi mawili, kisha katika wiki moja kukawa na mashambulio mawili, moja sokoni na moja kwenye kituo cha maji, na kila upande ukatuma watu waseme ni sisi. Akiror alikunja gazeti hilo pole pole. "Unaona. Hapa walikuwa wanashindana. Na waliokufa ni watu waliokwenda kuchota maji."

Nilikuwa nimekasirika kiasi cha kubonyeza kalamu mpaka ikatoboa daftari. Haya mambo yalikuwa yameandikwa. Yalichapishwa, yakafungwa kamba, yakasafirishwa mpaka Malaba, na mtu yeyote mwenye meza na kiti angeweza kuyaona kama sisi. Walichohitaji ni kusoma ukurasa wa saba.

Ijumaa tulikwenda mjini Busia, kwenye ofisi iliyomwandikia Hillary: Akiror, Hillary mwenyewe, na mimi nikiwa nimebeba magazeti manne kwenye mfuko wa plastiki. Afisa alitukaribisha vizuri. Alikuwa na chai na mandazi, na gazeti la siku ile ya kifo cha mkubwa lilikuwa mezani, limekunjwa picha ikiwa juu.

Akiror alieleza. Alisema hakatazi mtu kufundisha, anaomba siku thelathini tu, kwa mwalimu huyu na kwa walimu wote walioko huko, mpaka ijulikane nani amekaa mahali pa aliyeuawa na ana nia gani. Afisa alisikiliza huku akitabasamu.

"Mama, pole sana kwa yaliyopita. Lakini wewe ni mtaalamu wa usalama?"

"Mimi ni muuzaji wa magazeti. Wewe umesoma lipi?"

Akagusa lile la mezani. "Hili."

"Mimi nimesoma la siku ya kumi," Akiror akasema, akaliweka juu ya picha. "Fungua ukurasa wa saba."

Hakufungua. Alilisogeza kwa kidole kimoja, kama mtu anayesogeza sahani chafu. "Tukianza kufuata magazeti ya zamani hatutafungua shule hata moja. Hao watoto wa huko si watoto? Serikali imewakata kichwa hao watu, na nyinyi mnataka tuwaonyeshe kwamba tunaogopa."

"Nani anayewaonyesha?" Akiror akauliza. "Wewe unakwenda Jumatatu?"

Afisa akaacha kutabasamu. Alisema mwalimu asiyeripoti Jumatatu, jina lake litaondolewa kwenye orodha, na kuna vijana wengi nje wanaosubiri nafasi. Akatutakia safari njema.

Nje, Hillary alimgeukia shangazi yake. Ni kijana mtaratibu, mrefu, na anapokasirika anaongea chini zaidi. "Shangazi, umeniaibisha. Na amesema kweli kuhusu watoto. Nina watoto arobaini na tatu pale. Hawana mwalimu mwingine. Yule mzee aliyewaficha wenzake baba, mjukuu wake yuko darasani kwangu. Nimwambie nini, nimebaki kwetu kwa sababu shangazi yangu anaweka magazeti?"

"Mwambie siku thelathini."

"Jumapili jioni napanda basi."

Akapanda boda boda, akatuacha. Akiror hakumwita. Tulirudi Malaba, na njiani nilijiuliza kama tumekosea kweli. Wale watoto arobaini na tatu walikuwa wananisumbua. Mpaka sasa wananisumbua. Kundi lile linawanyima mwalimu kwa bunduki, na ofisi inawanyima mwalimu kwa kumpeleka apigwe bunduki, halafu wote wawili wanasema wanafanya hivyo kwa ajili yao.

Jumapili baada ya kanisa Akiror alinichukua tena. Hillary alikuwa ameshapanga mfuko wake, uko mlangoni pa nyumba ya babu yake. Sebuleni kuna kiti cha mbao chenye ngozi ya ng'ombe, cha babu mwenyewe. Alipokufa babu, wazee walimkalisha Ekisa hapo. Alipokufa Ekisa, Akiror alikigeuza kikatazama ukuta, akawaambia wazee waliotaka kumkalisha Hillary kwamba kijana ana miaka kumi na tisa, wamwache. Kimetazama ukuta mpaka leo.

Hillary alijiandaa kwa ugomvi. Akiror hakugombana. Alikaa kwenye stuli, akatoa gazeti la siku ya kumi, lile alilolifungua stejini mwenyewe, na kumpa.

"Hujawahi kulisoma hili."

"Najua kilichomo."

"Hujalisoma. Fungua saba."

Alifungua. Nilimwona akitafuta, jicho likipita tangazo la mbolea, likishuka. Alisoma mara moja, kisha akarudia kwa midomo.

"Jina lake halipo," akasema.

"Halipo."

"Imeandikwa wanne."

"Baba yako ni mmoja katika hao wanne. Nami ukienda Jumatatu nitalifungua gazeti kila asubuhi kuanzia wa kwanza, wa pili, wa tatu, kukutafuta kwenye hesabu. Sasa nimesema. Basi ni hilo, panda ukitaka."

Akatoka nje akaanza kuchambua mboga. Hillary alililaza gazeti magotini. Halafu alitoa simu akampigia mzee wa shule, yule mlinzi. Walizungumza kwa Kiswahili, kwa hiyo nilielewa. Hillary alisema atachelewa siku thelathini na akaomba radhi. Sauti ya mzee ilitoka kwenye simu ikiwa wazi kabisa: "Mwalimu, mimi nilikuwa naogopa kukwambia usije. Nilidhani utasema nakufukuza."

Jumatatu jina lake liliondolewa. Wiki ya kwanza haikutokea kitu, na Malaba ni mji mdogo. Madereva wawili watatu walikuwa wameshasikia. "Mama Gazeti, umemfungia kijana ndani kama kuku wa mayai," mmoja akamwambia. Mwingine akasema, "Labda hao watu wamestaafu." Akiror aliwapa magazeti yao.

Siku ya kumi na moja walijibu. Shuleni kwa Hillary hawakufika. Walisimamisha lori lililobeba watu wa sokoni, upande mwingine kabisa wa kaunti hiyo, watu wa huko huko, wengi wao akina mama. Baba yangu alisikia redioni jioni, akaniita nisikilize.

Asubuhi nilifika stejini kabla ya mzigo. Hillary alikuwa ameshafika. Siku hizi anamsaidia shangazi yake kubeba. Kamba ikakatwa. Ukurasa wa kwanza, mchezaji mpira amehama timu. Akiror hakupoteza muda na kurasa za katikati. Akafungua pale anapopajua. Ilikuwepo, safari hii vidole vitatu. Watu kumi na mmoja. Mkubwa mpya ametangazwa, na hizo ndizo salamu zake.

Nilisema mambo ambayo mwanafunzi hapaswi kuyasema barabarani. Nilisema twende tena kwa yule afisa, tumbandikie gazeti kwenye chai yake. Hillary alisema tayari amepiga simu. Jina lake halirudi, ila ofisi imesitisha kwa muda walimu wengine kuripoti, kwa sababu za kiusalama ambazo hazikutarajiwa.

"Hazikutarajiwa," Akiror akarudia.

Alikunja gazeti, akaliweka kando, la gunia. Kisha akapanga yaliyobaki juu ya mkono wa kushoto, na kabla hajaingia kwenye foleni alinigeukia.

"Uliniuliza swali hapa ukiwa mdogo. Nani atawaambia waendelee."

"Unakumbuka?"

"Kila siku. Sasa nisikilize, na wewe Hillary usikie, kwa maana hukuwa umeanza hata shule. Baba yangu alipokufa, siku ya tatu tulinyolewa nywele za msiba, wazee wakamkalisha Ekisa kwenye kile kiti. Ekisa aliyekuwa anasubiri kuku apite ndio yeye apite. Kesho yake asubuhi alichukua jembe akaenda kung'oa makonge ya mpaka ya jirani, Mzee Emukule, mtu ambaye hakuwahi kutukosea. Mstari mzima. Nikamfuata mbio, nikamuuliza, kaka, nani amekutuma? Akaniambia, 'Hakuna. Lakini tangu jana kila mtu ananitazama. Nisipofanya kitu leo watasema mji huu wa baba hauna mtu.' Baada ya wiki alimrudishia Emukule makonge yake moja moja, akamwomba msamaha, kwa sababu alikuwa Ekisa. Hao wengine wamepewa kiti na bunduki, na wao si Ekisa. Hakuna wa kuwaambia, Nerima. Wanatazamwa tu, na wanaanza kazi. Mimi hilo nililijua tangu siku ya makonge, na bado nilipita foleni nzima nikipiga kelele kwamba wamekwisha."